Mikahawa ya Kitaliano, tuambieni kilichomo kwenye sahani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye mikahawa ya Kitaliano hapa Malindi na Watamu, na wale wa Diani, Mombasa na Nairobi nao wasikie manake jambo lenyewe ni moja. Kuna watu hawali chochote kilichotoka kwa mnyama, si nyama, si samaki, si maziwa wala jibini wala siagi wala mayai, wengine hata asali hawagusi, wanaitwa vegani na mimi ni mmoja wao. Tukiingia mkahawa wa Kitaliano tunaletewa saladi na chipsi. Ama sahani ya karoti na mishiri ya kuchemsha isiyo na ladha yoyote, halafu bili ikija utadhani tumekula kamba.

Linaloniuma ni kwamba hakuna haja. Chakula cha Kitaliano, kile wanachokula wenyewe majumbani hasa kule kusini kwao, kimejaa vitu ambavyo sisi tunakula bila kubadilishiwa hata kijiko, na vilikuwepo kabla hata Waingereza hawajalianzisha hilo jina la vegani mwaka 1944. Wakulima wa kule nyama walikuwa wanaiona sikukuu. Siku nyingine ni maharagwe, dengu, biringani, nyanya, mkate na mafuta ya zeituni, basi.

Na msidhani hizi ni fasheni za wageni tu. Kazi yangu ni kutembeza watalii, kweli wageni wanaoniuliza habari hii ni wengi, lakini kuna Wasabato wetu wengi tu ambao nyama waliacha zamani na baadhi yao maziwa na mayai pia, kuna Wahindi ambao nyama hawajaigusa tangu wazaliwe na vijana wao sasa wanaacha na maziwa, kuna watu walioambiwa na daktari wapunguze mafuta ya wanyama. Wote hawa wana pesa za kula pizza na familia zao Jumapili jioni.

Tuanze na tambi. Tambi kavu za pakiti, spaghetti, penne na ndugu zake, ni unga wa ngano ngumu na maji tu, Italia sheria iliweka hivyo tangu mwaka 1967, na tambi ya mayai lazima ijulikane kuwa ni ya mayai, tena mayai yenyewe yasipungue manne kwa kila kilo ya unga. Kwa hivyo pakiti haina shida. Shida iko kwenye ile tambi mbichi ambayo mkahawa unajisifia kwamba unakanda wenyewe. Ikiwa mpishi amefunzwa mapishi ya upande wa Bologna, kaskazini mwa Italia, tagliatelle na lasagne zake zina mayai. Ikiwa ni mapishi ya Puglia, kule kusini, zile tambi za orecchiette ni unga na maji. Mteja hawezi kujua kwa kuangalia rangi, inabidi aambiwe.

Sosi nazo ni hivyo hivyo. Kuna aglio e olio, yaani kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na pilipili, hakuna kingine. Kuna arrabbiata, nyanya na saumu na pilipili ya kutosha, hiyo sisi watu wa pwani tunaielewa mara moja. Zote mbili ni zetu mpaka dakika ya mwisho, pale mpishi anapotupia kipande cha siagi kwenye sufuria ili rojo ing'ae, au anaponyunyizia jibini juu bila kuuliza. Puttanesca ukiisoma kwenye menyu unaona nyanya na zeituni, kumbe wengi wanaipika na samaki wadogo wa chumvi walioyeyukia ndani ya mafuta, huwaoni. Pesto ni majani ya mrehani lakini imesagwa pamoja na jibini. Risotto, ule wali wao wa rojo, hata ikiwa ya uyoga huwa inamaliziwa kwa siagi na jibini, na supu iliyopikia wali wenyewe mara nyingi ni ya nyama. Na kwa wale wasiokula nyama lakini maziwa wanakunywa, wajue pia kwamba jibini ya Parmigiano Reggiano inagandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka kwenye tumbo la ndama, hilo weita wengi hawajawahi kuambiwa na mtu.

Nitoe mfano mmoja, mkahawa siutaji. Niliagiza minestrone, supu ya mboga na maharagwe, nikamuuliza dada aliyetuhudumia, "Dada, hii supu imechemshiwa nini?" Akajibu, "Ni mboga tu, kaka, usiwe na wasiwasi." Nikamuomba aniulizie jikoni. Alikwenda akakaa kidogo, akarudi uso umembadilika, akainama karibu na meza akasema pole pole, "Kaka samahani, wanasema ile supu ya chini ni ya mifupa ya kuku, na kuna ganda la jibini wanalitia kwenye sufuria liongeze ladha." Yule dada hakunidanganya. Hakuna aliyemweleza. Amepewa menyu ya kurasa nyingi zenye majina ya Kitaliano, akaambiwa ahudumu kwa tabasamu, na mteja akiuliza swali la maana hana cha kumjibu ila kubahatisha. Mimi kuku hanidhuru zaidi ya kuniudhi, lakini mtu ambaye maziwa yanamfunga pumzi angekuwa hospitali usiku ule.

Sasa hapa ndipo ninapowashangaa wenye mikahawa. Wengi wao wametoka Italia, au wana washirika wa Italia, na kule kwao toka Desemba 2014 sheria ya Ulaya inawalazimu mikahawa kumwambia mteja kama chakula kina vitu 14 vinavyojulikana kudhuru watu, na humo kuna maziwa, mayai, samaki, kamba na jamii ya chaza. Ukikaa kwenye mkahawa Italia mara nyingi unakuta kila sahani kwenye menyu ina vinamba vidogo pembeni na nyuma kuna maelezo ya kila namba. Jambo wanalijua. Wakivuka bahari wanaliacha uwanja wa ndege. Naongeza kwamba hata vile vinamba havitoshi kwetu, manake supu ya mifupa na mafuta ya nguruwe havimo kwenye hiyo orodha, na mafuta ya nguruwe yanatiwa kwenye mikate mingine yao kama piadina, kwa hivyo hapa nawasemea Waislamu pia, ambao ndio wenyeji wa mji huu.

Pizza ni habari nzuri. Kwa kanuni za Napoli, mji wa Italia ilikotoka pizza, wanakanda unga, maji, chumvi na hamira, hawatii mafuta wala maziwa wala sukari. Na pizza mbili zinazotambuliwa rasmi Ulaya kama pizza ya Napoli ni margherita na marinara. Marinara haina jibini kabisa, ni nyanya, saumu, majani ya kunukia ya oregano na mafuta ya zeituni. Siyo pizza iliyopunguzwa kitu, ndivyo ilivyozaliwa. Nimesimama mbele ya jiko la kuni nikimwangalia kijana wetu mmoja wa hapa hapa akiitengeneza, anaufungua unga kwa vidole kutoka katikati kwenda pembeni bila kutumia fimbo, anapaka nyanya kwa mgongo wa kijiko akizungusha, saumu amezikata nyembamba unaona mwanga upande wa pili, mafuta yanamwagwa mwisho kwa kuzungusha, halafu haikai sana ndani inatoka ukingo umevimba na una madoa meusi. Harufu ile ya saumu ilileta watu kutoka meza za nyuma. Alipomaliza akaniuliza kama aniwekee chizi kidogo maana ataona vibaya kunipa kavu kavu hivyo! Kaka, usione vibaya, ndivyo inavyotakiwa.

Tena kwenye menyu nyingi za Napoli marinara ndiyo ya bei ya chini kabisa. Kwetu nyingi haimo, itabidi uagize margherita uombe watoe jibini, na ulipe bei ya jibini ambayo hukula. Hiyo si haki hata kidogo.

Nasikia watu wakisema wapishi wataongezewa kazi na gharama. Angalieni Addis Ababa. Waitaliano waliikalia Ethiopia toka 1936 mpaka 1941, wakaondoka tambi zikabaki, na Waorthodoksi wa kule Jumatano na Ijumaa, na siku nyingi nyingine za mfungo, hawali nyama wala maziwa wala mayai. Mikahawa haikufunga milango, ilipika tambi za rojo la nyanya na mboga, na mteja akisema tu anataka chakula cha mfungo hakuna anayemtolea macho. Hakuna mtambo mpya walionunua.

Na tafadhali, sisemi mtuagizie ile jibini ya bandia kutoka ng'ambo, bei ghali na ladha yake mimi binafsi haijanivutia. Vitu viko. Pikeni caponata, biringani na nyanya na siki na sukari kidogo, biringani Malindi zinaozea sokoni. Pikeni pasta e ceci, yaani tambi na dengu, kwa dengu zile zile tunazosagia unga wa bajia. Polenta ni unga wa mahindi, ndugu wa ugali, ukiipa uyoga juu uliokaangwa kwa mafuta ya zeituni badala ya siagi utashangaa nani anaagiza. Mkate uliolala, Wasisilia wanausaga na kuukaanga mpaka ukawa wa dhahabu wanaunyunyizia kwenye tambi mahali pa jibini, na unakwaruza vizuri mdomoni, huo huku tunautupa kila siku. Mwisho granita ya ndimu, ndimu na sukari na barafu, panna cotta, ile ya krimu ya maziwa, waachieni wengine.

Ninachoomba ni kidogo. Wekeni alama kwenye menyu, jani dogo tu, penye sahani isiyo na kitu cha mnyama, na iwe kweli mpaka kwenye supu na siagi ya mwisho. Weita wakae na mpishi mara moja kabla ya msimu waambiwe kila sahani ina nini, wapewe na ruhusa ya kusema "sijui, ngoja niulize" bila kugombezwa. Na jibini likitolewa, bei ishuke.

Wageni wa Desemba wako njiani na menyu nyingi huchapishwa upya kipindi hiki. Kama kuna mwenye mkahawa yuko tayari lakini hajui aanzie wapi, nitakuja asubuhi kabla hamjafungua, tukae na wahudumu tupitie menyu sahani kwa sahani, sitaki malipo.

Mwongoza watalii,
Malindi