Barua ya wazi kwa vijana wa Chimwaga mnaoanza Kihispania

Wanangu,

Nimeambiwa ratiba yenu ni kusoma kwa muda wa saa tano kila Jumamosi. Nia ni njema, ratiba ndiyo mbovu. Kinachosomwa Jumamosi huwa kimeshapukutika ikifika Jumatano.

Kihispania ni chepesi kwetu: irabu ni zilezile tano, maneno husomwa karibu kama yalivyoandikwa, na kitenzi hubeba nafsi ndani yake kama chetu. Wepesi huo ndio unaowapumbaza watu. Taasisi inayowafunza wanadiplomasia wa Marekani hukiweka kwenye kundi rahisi kuliko yote, na bado huhesabu saa 600 hadi 750 za darasani kwa mzungumzaji wa Kiingereza. Kwa saa moja kila siku, hiyo ni takribani miaka miwili. Msidanganyane kwamba mtamaliza likizo hii.

Saa yenyewe igawanyeni. Dakika 15 za kwanza ni marudio, akili ikiwa bado mbichi. Dakika 20 somo jipya. Dakika 15 kusikiliza, hata ndani ya daladala ya kwenda mjini, mradi sauti mmeipakua mapema. Dakika 10 zilizobaki semeni kwa sauti. Hizi ndizo watu huziruka kwa aibu, kisha unamkuta mtu anasoma gazeti zima lakini kuagiza chai kunamshinda.

Maneno mapya yasizidi 10 kwa siku. Kila neno lirudiwe baada ya siku 1, 3, 7, 14 na 30. Pigeni hesabu: baada ya mwezi, mwenye maneno 10 ana marudio 50 kila siku, mwenye pupa ya maneno 30 ana 150, na hapo ndipo daftari hufungwa. Nomino za Kihispania zina jinsia, kwa hiyo kila moja iandikwe na kijineno chake cha mbele, *el* kwa ya kiume na *la* kwa ya kike: *la mano* (mkono), *el problema* (tatizo). Ukitegemea herufi ya mwisho kujua jinsia, *-o* kiume na *-a* kike, hayo mawili yatakuumbua.

*Ser* na *estar*, vitenzi viwili vyenye maana ya "kuwa", vipeni wiki mbili nzima. Nyakati zilizopita zisubiri mpaka wakati uliopo utoke bila kufikiri.

Jumapili iacheni tupu, ya kulipia madeni ya wiki. Msimu wa mitihani bakizeni marudio tu. Na hiyo Jumamosi yenu ifanyeni saa moja ya mazungumzo, wawili wawili, simu zikiwa mfukoni.

Babu yenu, Dodoma