Nimonia hailetwi na baridi

Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa afya juma lililopita iliwahimiza wazazi wawavike watoto sweta na soksi msimu huu wa Julai ili baridi isiwaingie kifuani wakapata nimonia. Mimi ni mtu wa maabara hapa Pwani, na maneno hayo nayasikia hata kwa watu waliosoma. Sweta haidhuru. Kinachodhuru ni mzazi kuamini kwamba akishaifunga vifungo amemkinga mwanawe.

Kwanza, wagonjwa wa nimonia tunawapata hata Februari, wakati watu wa Malindi hawalali kwa joto. Nimokoka, bakteria anayeongoza kwa kuleta nimonia kali kwa watoto, hana haja ya kuingizwa na baridi. Mara nyingi yumo puani tayari. Kule Kilifi, kabla ya chanjo, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa walikuwa naye, na walikuwa wakila na kucheza kama kawaida. Makala yenu ingeuliza hili: aliyekaa puani bila kuleta shida, siku hiyo amepitia wapi hadi mapafuni?

Sehemu ya jibu iko juu ya mwili wa bakteria mwenyewe. Ukimpaka rangi ya Gram, ile ya maabara ya kutambulishia bakteria, na kumtazama kwa hadubini, unaona vitone vya zambarau vimeandamana viwili viwili. Ambacho rangi hiyo haikuonyeshi vizuri ni ganda la sukari linalomzunguka, linaloteleza hata chembe nyeupe za damu zikashindwa kumshika, na protini zilizochomoza juu yake, kila moja na kazi yake. PspA huzuia kinga ya mwili isimtie alama ya kuliwa. NanA hunyoa sukari zinazofunika seli za pua na koo, pakabaki mahali pa kujishikiza. Lakini inayonistaajabisha zaidi ni CbpA. Seli za pua zetu zina protini ambayo kazi yake ni kubeba kingamwili kutoka ndani na kuzitua nje kwenye kamasi. CbpA humng'ang'ania mbebaji huyo, na bakteria akavushwa kwenda ndani, kama abiria aliyedandia feri ya Likoni inaporudi ng'ambo. Yaani kifaa chetu wenyewe cha kujilinda ndicho kinachomvusha!

Baridi ina sehemu yake, ila kwa mlango wa nyuma. Watu hujifungia ndani na mafua yakaambukizana. Virusi vya influenza, yaani mafua makali, navyo vina kimeng'enya (protini ya kukatakata) cha kunyoa zile zile sukari, kwa hiyo nimokoka akija hukuta amesafishiwa njia. Wengi waliokufa katika janga la mafua la 1918 walimalizwa na bakteria waliofuata nyuma ya virusi.

Moshi nao hufanya vivyo hivyo. Watafiti wa London walionyesha kwamba seli za njia ya hewa zikikutana na chembechembe za moshi wa magari, huongeza vipokezi ambavyo nimokoka hujishikiza navyo. Waliona hali hiyo pia kwa mvuke wa kuchomelea vyuma, na Uingereza imeshaweka mafundi wa kazi hiyo katika orodha ya wanaofaa kufikiriwa kupewa chanjo ya nimokoka. (Mafundi wetu wa jua kali sijui nani atawaambia.) Kuhusu jiko la kuni au mkaa ndani ya nyumba, Shirika la Afya Duniani linasema moshi wake karibu huongeza maradufu hatari ya mtoto kupata nimonia. Makala nzima haikutaja moshi hata mara moja.

Wala haikutaja chanjo, na hilo ndilo lililonifanya niandike. Kenya ilianza kutoa chanjo ya nimokoka mwaka 2011, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kinga ya mtoto mchanga haishughulikii sukari tupu, ndiyo maana kwenye chanjo sukari za lile ganda huunganishwa na protini. Katika chanjo tuliyoanza nayo, nyingi ziliunganishwa na protini ya juu ya mwili wa bakteria mwingine wa njia ya hewa, Haemophilus influenzae. Matokeo yake Kilifi, yaliyochapishwa 2019: maradhi makali ya aina za nimokoka zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hata watu wazima ambao hawakuchanjwa waliugua kwa uchache, kwa sababu watoto hawakuwa tena na bakteria hao wa kuwaambukiza wakubwa. Chanjo haigusi aina zote, zimeshapita 100, na hiyo ndiyo sababu watafiti wanatafuta chanjo ya protini ambazo aina nyingi zinazo kwa pamoja.

Mkirudia mada hii, naomba mchapishe hesabu ya pumzi, mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima: 60 au zaidi kwa wa chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi mwaka, 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Akifikia hapo, au mbavu zikibonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo bila kupitia duka la dawa.

Msomaji wenu,
Malindi