Jumamosi njooni na statementi za kadi

Habari za jioni wapendwa, poleni na vumbi. Jumamosi saa 10 jioni tunakutana kwa mweka hazina, Kisasa. Mwenye kadi ya benki, hasa ya mkopo, aje na statementi ya miezi 2, maana mimi nilikatwa 2,300 nikajua ni makato tu kumbe wezi huwa wanajaribu na hela ndogo kwanza, siku ya tatu ikaondoka laki na themanini usiku nimelala.

1. Washeni meseji za miamala
2. Chai 2,000, mwisho Ijumaa saa 6 mchana

Ukikuta muamala huuelewi usisubiri kikao, piga namba iliyo nyuma ya kadi waifunge. Namba ya siri msinitajie hata mimi 😂

Andikeni NAKUJA au SIJI leo kabla hamjalala.