Malalamiko: Mmetupa Fremu za Slaidi Zangu

Upanga, Dar es Salaam
14 Julai 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: KUTUPWA KWA FREMU ZA SLAIDI 420 NA KAZI ISIYOLINGANA NA MALIPO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Niliwaletea slaidi 420 za rangi mziskani, yaani vipande vya filamu vyenye picha, kila kimoja ndani ya fremu yake ya kadibodi, nyingi zikiwa Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, za miaka ya 1960, nilizonunua kwenye mnada wa vyombo vya nyumba huko Oysterbay. Kwenye fomu ya oda kuna mstari niliouandika kwa mkono na mtu wenu wa mapokezi akatia saini: slaidi zisitolewe kwenye fremu zake. Nakala ninayo. Zimerudi zimevishwa fremu mpya za plastiki, nyeupe pe, pamoja na kikaratasi cha kunipongeza kwa kupata "fremu mpya bila malipo". Nilipopiga simu kuuliza za zamani, dada aliyepokea alijibu kwa upole kabisa kwamba yalikuwa makadibodi yaliyochakaa, mengine yameota kuvu, na yameshakwenda na gari la taka.

Ndugu Meneja, picha hizi sikupiga mimi. Aliyezipiga simjui, na waliomo siwajui. Picha ya ukoo wako hata ikikosa maandishi, yupo shangazi atakayeishika na kukwambia huyu ni fulani, hapa ni Tanga, mwaka ule wa mvua kubwa. Mimi sina shangazi wa kumuuliza. Nina kadibodi tu. Maabara za Kodak ziligonga juu yake namba ya picha ndani ya filamu na, kwa nyingi za miaka hiyo, mwezi na mwaka filamu iliposafishwa. Mwezi huo si lazima uwe ndio picha ilipopigwa, lakini unakupa kikomo: baada ya hapo haiwezekani. Mwenye picha naye aliongeza yake kwa penseli.

Kwa bahati fremu chache nilizipiga picha kwa simu kabla ya kuzileta kwenu. Moja ina muhuri wa Machi 1966, namba 17, na pembeni maneno ya Kiingereza, herufi ndogo zilizolala: Moshi, kutoka paa la shule. Ndani yake Kilimanjaro imejaa barafu hadi kwenye mabega. Barafu ya mlima huo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, kwa hiyo picha yenye mwaka na mahali ilipopigwa ni ushahidi ambao mtu anaweza kuulinganisha na hali ya leo. Za mlima ziko nyingine zaidi ya kumi. Hizo sasa ni picha nzuri za mlima, basi.

Namba nazo zilikuwa na kazi yake. Kwa kuzifuata ningepanga safari nzima ya mtu huyu, alianzia wapi akaishia wapi, na picha isiyo na maandishi ingetambulika kwa majirani zake. Ninyi mmezichanganya, mkazipa majina ya faili kuanzia 001 hadi 420 kwa jinsi zilivyoshikwa mkononi.

Kuhusu kuskani kwenyewe. Kuna slaidi ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, mnara wa saa ukiwa umesimama. Mnara huo ulianguka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo mnaelewa kwa nini niliingojea kwa hamu. Imeskaniwa upande usio wake, kushoto kumekuwa kulia. Zipo nyingine za namna hiyo, mojawapo ya mtaa ambapo herufi za kibao cha duka zimegeuka nyuma mbele na magari yanapita kulia. Hivi hakuna aliyezitazama?

Halafu mmewasha programu ya kufuta vumbi. Inatumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na Kodachrome haielewani nayo, kwa sababu rangi zake, hasa penye giza, huzuia mwanga huo, na mashine ikadhani ni uchafu. Hili si siri katika kazi yenu. Kwenye picha ya jahazi likitweka tanga, henza, kamba ya kupandishia tanga, imekatika juu angani, na foromali, boriti inayofungwa tanga, inaelea bila kushikwa na kitu. Vumbi ningelifuta mwenyewe.

Ukubwa wa faili nao hauna mjadala. Nililipia nukta 4,000 kwa inchi. Slaidi ya milimita 36 kwa 24 kwa kiwango hicho inatoa pikseli kama 5,600 kwa 3,700. Mlizonipa zina upana wa pikseli 1,800, yaani nukta 1,270 hivi kwa inchi, tena JPEG, faili zilizobanwa zikapoteza ubora, wakati ankara inasema TIFF, zinazouhifadhi.

La mwisho ndilo limeniudhi kuliko hesabu hizo. Picha ya mama aliyembeba mtoto mgongoni nimeikuta kwenye tangazo lenu, na chini yake maneno "kumbukumbu za mteja wetu". Si kumbukumbu zangu, na sikuwapa ruhusa. Mtoto yule, kama yu hai, ana miaka sitini hivi, na anaweza kuwa anaishi mtaa wa pili. Mimi ninayezikusanya sirushi nyuso za watu nisiowajua ovyo mtandaoni. Someni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kabla ya kunijibu kwamba ni picha ya zamani.

Ninataka tangazo hilo liondolewe leo. Ninataka mtu wenu aende kweli kwenye stoo na kwa mbeba taka kuulizia fremu, hata zikipatikana ishirini, hata zenye kuvu. Slaidi zote ziskaniwe upya kwa kiwango nilicholipia, programu ya vumbi ikiwa imezimwa, na nirudishiwe nusu ya malipo kwa ajili ya fremu zisizopatikana. Thamani yake halisi hamwezi kuilipa na mimi siwezi kuitaja.

Jibu liwe la maandishi. Nisipolipata ndani ya siku 14, barua hii na nakala ya fomu yenye saini vitakwenda Tume ya Ushindani. Slaidi msitume mtu kuzifuata. Nitazileta mwenyewe, na nitakaa hapo hapo zikiskaniwa.

Wenu,
Mteja mwenye oda iliyotajwa