Kaka, mama hakuwa anajifanya

Kaka shikamoo. Simu zangu hupokei, kwenye grupu la familia umejitoa, ila najua wifi huwa anakuonyesha ninachoandika kwa hiyo acha niseme hapa hapa.

Ile siku ya wageni wa posa bado imenikaa. Mama kamwita mshenga kwa jina la marehemu baba, anamuuliza ng'ombe wameshafungwa, na wewe ukamvuta mkono mbele za watu ukasema "mama acha kujifanya, unatuaibisha". Ulivyomvuta bangili zilimpanda mpaka karibu na kiwiko, kanga ikamdondoka begani. Hapo kaka sijasamehe.

Siku ile mama alikuwa na UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, ndo yalimchanganya akili, na homa wala haikuwa kali, wazee wengi ndo wanavyokuwa. Halafu ukampa vile vidonge vya njano vya mafua, Piriton, eti mbona hata watoto wanakunywa. Sasa nisikilize. Mishipa midogo ya damu kwenye ubongo sio kama ya mguuni, seli zake zimebanana kabisa, na nje kuna seli zingine zimeishikilia, ili sio kila kilichomo kwenye damu kipenye kuingia kwenye ubongo. Ndo kizuizi cha damu na ubongo hicho. Hata Paul Ehrlich, yule daktari Mjerumani, mwaka 1885 aliwadunga wanyama rangi, viungo vikashika rangi ubongo haukushika, akadhani ubongo wenyewe ndo unaikataa, mpaka mwanafunzi wake Edwin Goldmann alipoipitisha rangi kwenye maji yanayozunguka ubongo mwaka 1913 na ubongo ukashika, kumbe kilichokuwa kinaizuia ni hicho kizuizi.

Uzeeni kile kizuizi kinalegea. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Southern California kule Marekani walipiga watu MRI, ile mashine ya kupiga picha ndani ya mwili, wakaona umri ukienda kinavuja kwenye hipokampasi, pale panapotunza kumbukumbu mpya, na kwa walioanza kusahau kinavuja zaidi. Protini za damu zinaingia zisipotakiwa, na pampu zilizopo kwenye hicho kizuizi, zinazotoa dawa nje ya ubongo, nazo zinapungua nguvu. Weka na presha ya mama ya miaka yote ile, weka na maambukizi, ambayo yenyewe yanazidi kukilegeza. Na vidonge vyako vya njano vinapita hata kwa kijana, ndo maana ukivinywa unasinzia! Mzee wa miaka 65 na zaidi madaktari wanashauri asipewe, vinaweza kumchanganya akili.

Mnasema nimeiba mama. Nilikupigia jioni ile, ukasema ni uzee tu, tumuache alale. Ningemuacha? Nikampandisha gari nikaja naye huku, akatibiwa, vidonge nikavitupa, na siku chache baadaye ananiuliza nani analisha kuku wake. Ningerudia tena, hata ungekasirika mara mbili ya hapo.

Na wewe ndo ulinibeba mgongoni mpaka zahanati nilipozidiwa na malaria, ukauza baiskeli yako nisome. Wewe hukuwa mtu wa kumfokea mama, kaka, sijui mambo ya mahari yalikuchanganya au ni nini.

Njoo umuone. Usilete dawa ya dukani hata moja bila kuniuliza. Mimi usiponiomba msamaha sawa, ila yeye muombe, anaikumbuka ile siku kuliko unavyodhani, juzi kaniuliza kama bado umemkasirikia.