Barua kwa mwanangu aliyeko Nkuhungu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Mumeo na binti wa mama yako mdogo, mtu mzima mliyempa chumba cha uani mpaka apate kazi! Linaniuma kama linavyokuuma. Sikuambii uvumilie, wala sikuambii uondoke. Ninachotaka ni usipoteze haki yako kwa hasira ya wiki moja.

Anza na mwili wako. Kama tangu ulipolala na mumeo mara ya mwisho saa 72 hazijapita, nenda kituo cha afya leo hii uwaeleze. Wataangalia kama unahitaji dawa za siku 28 za kukukinga na VVU. Saa hizo zikipita, dawa hizo hazisaidii. Pima VVU na kaswende, kisha rudia VVU baada ya miezi mitatu, maana maambukizi mapya yanaweza yasionekane sasa. Hadi hapo ni kondomu, hata akilia.

Huyo mdogo wako aondoke mchana, na mizigo yake yote, asindikizwe na shangazi. Usimpige, ukimpiga, kesi itakayotangulia polisi ni yako. Picha ulizozikuta kwenye simu usizirushe kwenye kundi la ukoo, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayesambaza picha za ngono, hata kama yeye ndiye aliyekosewa. Na mumeo asijifiche nyuma ya huyo binti. Aliyefunga ndoa nawe ni yeye.

Kisha mwite mshenga na wazee wawili kila upande, mumeo akanywe mbele yao, mwandike tarehe na wote watie sahihi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inauhesabu uzinzi kuwa ushahidi wa ndoa kuvunjika, hasa ukirudiwa au ukiendelea baada ya kukanywa. Bila mashahidi atasema alipitiwa mara moja tu.

Karatasi nazo. Piga picha cheti cha ndoa, hati ya nyumba, mkataba wa shamba la zabibu la Hombolo wenye muhuri wa kijiji, na risiti za nguzo na waya. Nakala nitumie mimi. Nyumba mnayoishi hawezi kuiuza, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa yako, hata kama hati ina jina lake peke yake. Ukimwona dalali, kimbilia ofisi ya ardhi ukaweke zuio. Kinga hiyo ni ya nyumba ya ndoa. Shambani utahitaji kuonyesha jasho lako, kwa hiyo andika nani alipalilia na nani alilipa vibarua.

Kazi za nyumbani pia ni mchango. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Lakini mama yule hakupata mgawo, kwa sababu fedha za mradi alizokabidhiwa na mumewe alizitapanya. Pesa ya mavuno iliyo mikononi mwako usiiguse kwa kukomoa.

Ukifikia talaka, mahakama haikupokei kabla hujapita baraza la usuluhishi, la kata au la kanisani kwenu. Hati ya baraza isizidi miezi sita siku unayofungua shauri. Ikizidi, unaanza upya.

Jumamosi napanda basi la asubuhi kutoka Mpwapwa. Fagia chumba cha uani, godoro ulitoe juani. Nitalala humo.

Mama yako