Aliyepinga chanjo na kafyu ahojiwe, lakini asiachiwe maikrofoni

Mhariri,

Uchaguzi wa 2027 unakaribia, na wanasiasa waliopinga kafyu, barakoa na chanjo ya korona watapita studio moja hadi nyingine, kuanzia Kisumu na Kakamega hadi Nakuru. Wapo wanaosema wafungiwe mlango. Sisi tunapinga hilo. Watu wa huku waliishi chini ya masharti yale, na aliyesema hayafai ana haki ya kuulizwa na kusikilizwa. Kinachotuuma ni jinsi anavyohojiwa. Mheshimiwa anawekwa hewani moja kwa moja saa mbili asubuhi, anamwaga madai kumi kwa dakika tatu, mtangazaji anawahi kujibu moja, tisa yanaondoka na wasikilizaji.

Mahojiano haya yarekodiwe. Saa moja na nusu ya kurekodi hutoa dakika arobaini za kutangazwa, na humpa mtangazaji nafasi ya kusema, "Mheshimiwa, turudi hapo." Mgeni aambiwe mada mapema bila kupewa maswali, na aombwe aje na karatasi anazozitegemea. Akija mikono mitupu, wasikilizaji waambiwe hivyo.

Wiki moja kabla, kusanyeni alichosema wakati ule pamoja na tarehe. Kama ni mbunge, Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ipo. Takwimu za kaunti ziombwe mapema zaidi, kwa barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaipa ofisi siku 21 kujibu. Anayeandika barua hiyo siku mbili kabla ya kipindi amechelewa.

Ndani ya studio, kazi ngumu ni kutenganisha madai. Mgeni wa namna hii huchanganya sheria, gharama na sayansi katika sentensi moja, na akijibiwa kwenye sayansi anakimbilia sheria.

Kwenye sheria, mara nyingi ana mahali pa kusimama. Kanuni za waziri zinatakiwa kufikishwa Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa. Aprili 2020 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kafyu ilikuwa halali, lakini ikakemea polisi kwa kuwapiga raia. Desemba 2021 ikasimamisha agizo la kuwanyima wasiochanjwa huduma za serikali, agizo lililokuwa lianze tarehe 21 mwezi huo. Mtangazaji asiyejua haya huishia kutetea kila jambo lililofanywa na serikali. Msikilizaji akishaona anatetea lisiloteteeka, hata la kweli hatalipokea kutoka kwake. Kwa hiyo anzieni hapa, mkubali palipo na haki, kisha msonge mbele.

Gharama ni jambo la kupima, na hapa ndipo vipindi vingi hupoteza nafasi. Kuanzia 18 Juni 2021, kaunti 13 za ziwa na magharibi, zikiwemo Kisumu, Siaya, Busia, Kakamega na Vihiga, ziliwekewa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Anayekaanga samaki Kondele, hapa Kisumu, huuza jioni, kwa hiyo ni kweli kwamba alibeba mzigo mzito kuliko mwenye mshahara. Lakini msiishie kumsikiliza mheshimiwa akilalamika kwa niaba yake. Aulizwe: "Ungekuwa Waziri wa Afya mwezi huo, kirusi cha Delta, aina mpya ya korona, kimeshaonekana Kisumu na wagonjwa wanatafuta oksijeni, ungefunga nini na ungeacha nini wazi?" Ngojeni jibu, hata kama kimya kitarefuka. Aulizwe pia kuhusu sherehe za Madaraka za 1 Juni 2021 katika uwanja wa Mamboleo: alipinga mkusanyiko ule hadharani, au alihudhuria?

Sayansi ndiyo yenye mitego. Wa kwanza ni wa hesabu: "Waliochanjwa walikufa wengi kuliko wasiochanjwa." Mtangazaji awe na mfano tayari. Chukua wazee 10,000, ambao 9,000 wamechanjwa na 1,000 hawajachanjwa. Wakifa 18 kati ya waliochanjwa na 10 kati ya wasiochanjwa, idadi ya waliochanjwa ni kubwa. Ila kwa kila watu 1,000, hao ni wawili dhidi ya kumi. Muulizeni mgeni, "Mheshimiwa, 18 kati ya wangapi?" Swali hilo moja linatosha. Mtego wa pili ni ukweli uliovutwa. Damu kuganda baada ya chanjo ya AstraZeneca kulitokea kweli, na kulikuwa nadra sana. Mtangazaji akikana kabisa, ameshindwa. Akinyamaza, ameacha nadra igeuke kawaida.

Na lugha iangaliwe. Vijijini, "sindano" kwa wanawake wengi ni ile ya kupanga uzazi. Mgeni anayesema "sindano ya serikali" huku akigusia utasa hupanda hofu bila kutaja ugonjwa wowote. Mtangazaji atumie neno "chanjo" kila mara, na kwenye vipindi vya Kijaluo au Kiluhya akubaliane na mfasiri kabla ya kuingia hewani.

Daktari asiwekwe meza moja na mwanasiasa. Daktari husema "kwa kawaida" na "mara nyingi", mwenzake husema "kamwe", na sauti ya pili ndiyo inayokumbukwa. Daktari aisikilize rekodi kabla haijatangazwa, aonyeshe palipopinda, na maelezo yake yaingizwe hapohapo dai lilipotolewa. Yakisubiri mwisho wa kipindi, nusu ya wasikilizaji wameshaondoka. Mgeni naye apigiwe simu aelezwe kilichoongezwa na apewe nafasi ya kujibu.

Limebaki tangazo la kunadi kipindi. Kituo hukata sekunde thelathini za dai kali kuliko yote, na kipande hicho ndicho kinachozunguka WhatsApp kwa miezi, kikiwa peke yake. Tunawaomba wasimamizi wa vituo wasitoe kipande chochote chenye dai la afya kama jibu lake halimo ndani ya sekunde hizohizo. Na rekodi nzima, isiyokatwa, ihifadhiwe, ili mheshimiwa akilalamika kwamba maneno yake yamepotoshwa, Tume ya Malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari iwe na kitu cha kusikiliza.

Wahariri wa vipindi vya afya vya redio,
Kisumu